Kamba ya Karuba na Sisi Wauza Fromaji

Mabinti wa fromaji, mlinitumia salamu mkiuliza kwa nini niliacha kazi ghafla, bila hata kuwaaga sokoni. Wengine mmesema ni magoti. Wengine mmesema nimepata mume mwenye gari. Laiti! Magoti yangu ni mabaya kweli, lakini magoti hayakunifunga mdomo. Niko nyumbani Kirolirwe, naangalia ng'ombe wa watu wakipita, nikaona niwaandikie kazi ilivyokuwa tangu siku ya kwanza mpaka ile ya mwisho. Msitafute humu nilipata faida kiasi gani. Faida ililiwa, na waliokula wameshasahau ladha yake.

Nilianza nikiwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Aliyenifundisha ni Mama Noela, mjane wa mfugaji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mlima wa pili. Siku hiyo tulikuwa kwa mtu mmoja anayetengeneza fromaji, ile ambayo wengine wanaiita jibini, chumbani kwenye mbao ndefu zilizopangwa magurudumu ya njano ya fromaji. Aliniwekea moja mikononi.

"Gonga."

Nikagonga kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

"Unaogopa nani? Hii iko fromaji, haiko shefu. Gonga tena!"

Fromaji nzuri inajibu kwa sauti nzito, fupi. Yenye hewa ndani inalia kama ngoma, na hiyo mwachie aliyeitengeneza aile na familia yake. Ukishagonga, unachoma na chuma chembamba, unachomoa, unanusa mara moja tu. Ukinusa mara ya pili pua imeshazoea, na pua iliyozoea inakudanganya kuliko muuzaji. Halafu unafunga na majani ya mgomba makavu, si plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki inatoa jasho. Na msije mkaipakia karibu na bidon, yaani dumu, la mafuta ya gari. Fromaji inakunywa harufu. Mimi nilipoteza mzigo mzima hivyo, na Mama Noela hakunihurumia hata kidogo. Alicheka mpaka akakaa chini, akaniambia nitafute mteja mwenye gari la kunywesha fromaji ile.

Siku hiyo ya kwanza nilimuuliza swali la kijinga ambalo nimelishukuru maisha yangu yote.

"Mama, bei nani anapangaka?"

"Mimi na ule mwenye njaa."

"Na Leta?" Leta, yaani serikali.

"Leta iko na njaa? Kama iko na njaa, ikuje inunue."

Nilishtuka. Baba yangu alikuwa mkulima, mtu wa kuvua kofia hata mbele ya mlango wa ofisi uliofungwa. Nilikua nikiamini kwamba kila kitu kina mkubwa wake: mvua ina Mungu, shamba lina shefu wa kijiji, na bei lazima iwe na mtu mahali fulani, amekaa kwenye kiti, anaisema. Kumbe hakuna mtu! Mama anayetaka kulisha watoto wake na mama anayetaka kuuza wanasimama wanaangaliana, mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile, wanacheka kidogo, wanatukanana kidogo, na bei inazaliwa. Asubuhi mvua ikiharibu barabara inazaliwa nyingine. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyepiga magoti.

Hata pesa yenyewe, mabinti, iangalieni vizuri. Franka yetu inapita ikiwa imechakaa kama kitambaa cha kufutia sufuria, imeshonwa na scotch, ule utepe wa gundi, haina hata kichwa cha mnyama aliyechorwa juu yake, na hakuna anayekataa. Lakini dola ikiwa na mpasuko mdogo kama ukucha wa mtoto, hakuna atakayeishika, kuanzia Masisi mpaka mwisho wa Walikale. Wageni wanashangaa, wanasema kwao dola hiyo ni nzima. Nani aliamuru? Hakuna. Sisi wenyewe tulikubaliana, bila mkutano. Na likelemba yetu ya wanawake, ambapo kila wiki sote tunatoa na mmoja anabeba, ilisimama miaka na miaka bila muhuri wala polisi. Mmoja alijaribu kutoroka na zamu yake. Alirudi mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyemuuzia hata chumvi. Haya ndiyo niliyojifunza kwa Mama Noela, na niliyaamini kuliko nilivyoamini mahubiri ya mchungaji wetu, Mungu anisamehe.

Kazi ngumu ilikuwa Walikale. Bisie, mgodi wa huko, ya siku hizo haikuwa hii ya mashine. Ilikuwa watu na nyundo, wanachimba madini ya bati ndani ya pori, na chakula chote kinaingia kwa mgongo. Tulitelemsha fromaji kutoka baridi ya Masisi mpaka joto la msituni, tukawapa wabebaji, nasi nyuma yao kwenye matope. Mchimbaji aliyezaliwa milimani akinusa fromaji ya kwao alikuwa anafumba macho. Niliwahi kuona mwanamume mzima akilia na kipande mkononi. Kwa hiyo bei ilikuwa kubwa, tena ilistahili kuwa kubwa, kwa sababu njia ile ilikula viatu, mabega, na siku nyingine watu.

Akatokea bwana mmoja na bunduki mbili nyuma yake, akajiita mkubwa wa soko. Akatangaza kwamba fromaji ni ghali mno, watu wanateseka, kuanzia leo bei ni nusu. Wachimbaji walipiga makofi. Kesho yake hapakuwa na fromaji sokoni. Si kwamba tuligoma, hapana! Kila muuzaji alijipigia hesabu kimya kimya, akaona bora aile mwenyewe. Mama Noela peke yake ndiye aliyetandika kitenge chake chini kama kawaida. Mkubwa wa soko akaja mbio.

"Unauza bei gani, mama?"

"Fromaji? Bure, Papa. Nagawa. Niko Mukristo."

"Bure?"

"Bure kabisa. Niko nauza tu majani yenye kuifunga. Majani njo iko na bei. Ulipanga bei ya majani?"

Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha nyundo yake. Mimi nilijua tutapigwa. Yule bwana alisimama, akaangalia majani, akaangalia fromaji, akameza mate. Halafu akanunua jani. Nawaambia kwa macho yangu haya, alinunua jani kubwa! Nilimwangalia Mama Noela nikasema moyoni, huyu ndiye mtu huru wa kwanza niliyemwona. Mshike hilo vizuri, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kilichonipata.

Sasa niwaambie habari ya kamba. Mnazijua bariera zetu: miti miwili, kamba katikati, kibanda, kiti. Ukilipa, kamba inainuliwa. Waliokaa kwenye kiti walikuwa wanabadilika, leo wenye kofia hizi, kesho wenye kofia zile, na kila mmoja anakuambia yule wa jana alikuwa mwizi. Sisemi mtu asilipie njia. Njia inahitaji majembe na mawe. Ila katika miaka yangu yote sikuona kamba iliyofukia hata shimo moja. Mama Noela alinifundisha kulipa bila ubishi: wenye bunduki hawabishaniwi, lipa, pita, uza. Nililiona hilo kuwa akili. Mtu akikushikia panga, kumpa mbuzi si heshima, ni kuokoa shingo.

Mwaka wa mwisho wa kazi yangu tulikuwa Karuba, kwao Mama Noela, tukichagua mzigo, akashikwa na tumbo. Alianguka palepale penye mbao za fromaji, akatapika, jasho likamtoka kama amenyeshewa. Tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi alimbonyeza kidogo tu, akatoka nje akanivuta pembeni.

"Utumbo umejifunga. Lazima apasuliwe. Kama hafike hospitali leo, Mama Riziki, musikuje kunililia miye."

Magari hayakuwepo. Juzi yake risasi zililia upande wa chini na madereva wote wakakimbia. Tukatafuta kipoyi, kile kitanda cha kubebea mgonjwa mabegani, na wanaume wanne wa kanisani kwake. Tukateremka mbio, mimi mbele nikisukuma watu njiani. Alikuwa anaugua kwa sauti ndogo, yeye mwenye sauti ile. Hilo lilinitisha kuliko maneno ya muuguzi.

Tukafika penye kamba ya chini ya Karuba. Watu wamejaa upande wetu, wamekaa kwenye magunia: wenye viazi, wenye mbuzi, akina mama na bidon za maziwa yaliyoanza kuchacha. Nikachungulia kibandani, hakuna bunduki, hakuna kofia, majivu yamepoa. Na kwenye kiti, Papa Bahati! Papa Bahati wa viazi, muimba kwaya, mtu tuliyepanda naye lori moja miaka mingapi.

"Papa Bahati, unafanya nini pale?"

"Eh, Mama Riziki! Karibu. Niko nachunga tu."

"Unachunga nini?"

"Kamba."

"Na benye bunduki biko wapi?"

"Balikimbia juzi, vile risasi ililia."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Balikimbia? Na hawa bantu bote banangoja nani?"

"Benye balilipa, balishapita. Hawa hawana feza mupaka bauze kwanza." Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza ratiba ya misa. "Mama, usiniangalie vile. Batarudia. Bakirudia, bakute bantu balipita ovyo, nani atapigwa? Si siye? Sasa miye nabakusanyia feza yabo, bakikuja bakute kila kitu sawa, na batuachie na amani."

"Nani alikuweka?"

"Siye njo tulimuchagua," akajibu mama mmoja wa maziwa, bila hata kusimama. "Papa Bahati hana wizi."

Yesu wangu! Niliangalia watu wale, wazima, wenye miguu, wamekaa mbele ya kamba ambayo mbuzi angeiruka, maziwa yanawaharibikia mikononi, na waliyemchagua awazuie ni mwenzao. Nikamwonyesha kipoyi.

"Fungua. Mama Noela anakufa."

Akasimama, akavua kofia, akamsalimia mgonjwa kwa heshima zote. Halafu akakaa tena.

"Mugonjwa halipe. Ile naijua. Lakini babebaji biko bane, na kipoyi iko muzigo."

"Muzigo?"

"Kila kintu chenye kubebwa iko muzigo. Miye sikutunga ile sheria, mama."

"Benye kuitunga balikimbia!"

"Lakini sheria haikukimbia."

Mimi sikuwa na kitu. Pesa yangu yote niliiacha kwenye fromaji za Karuba. Pesa pekee iliyokuwepo ilikuwa fundo kwenye kona ya kitenge cha Mama Noela, na ilikuwa ya hospitali, kwa sababu mnajua wenyewe, pale mlangoni hawakushiki kabla ya kuona pesa. Nilikuwa bado napiga kelele niliposikia sauti ile ndogo ikiniita kutoka kwenye kipoyi.

"Riziki. Fungua fundo. Mulipe."

"Mama, hii iko ya kupasuliwa!"

"Mulipe. Tusipite sawa bezi."

Mabinti, nimeona mambo katika njia hizi ambayo siwezi kuyaandika. Hakuna lililonipiga kama hilo. Wezi? Tunamwibia nani? Kiti? Niliangalia uso wake nikidhani homa ndiyo inayosema. Haikuwa homa. Alikuwa ananikazia macho yale yale ya siku aliyoniambia nigonge.

Sikufungua fundo. Nilienda kwenye kamba, nikaikamata kwa mikono miwili, nikaiinua juu ya kichwa changu. Ilikuwa nyepesi! Kamba ya kufungia ndama! Nikawaambia wabebaji wapite. Hawakwenda. Walisimama na mgonjwa mabegani, wakimwangalia Papa Bahati. "Mama," mmoja akasema, "siye tunapitaka huku kila siku." Mama Noela alikuwa anauma kitenge. Papa Bahati naye akawaangalia, akamwangalia mgonjwa. Halafu akageuza kiti chake kizima, akatupatia mgongo, akaanza kuangalia mlima.

"Miye sioni kintu," akasema.

Ndipo wakapita. Nikabaki nimeshika kamba juu, nikawageukia wale wengine. "Na nyiye piteni! Maziwa yenu inaharibika! Piteni, nimeshika!" Hakuna aliyeinuka. Hata mmoja. Yule mama wa maziwa aliangalia chini kama mtu aliyeona mwenzake akivua nguo sokoni. Nikaishusha kamba polepole, nikakimbia kufuata kipoyi, nikilia kwa hasira.

Alipasuliwa siku hiyo hiyo. Alipona. Nilimlinda hospitalini, nikampikia uji, na habari ya kamba hatukuigusa. Nilidhani anaona aibu kwa maneno aliyosema akiwa na maumivu, na mimi sikutaka kumuaibisha mzee wangu.

Alipopata nguvu tulirudi Karuba kwa njia ya mzunguko ya juu, akasalimia watu wake, tukapakia mzigo wetu, tukateremka kwa pikipiki mbili. Tukafika penye kamba. Wenye bunduki hawajarudi hata siku moja. Kibanda kimeezekwa upya. Kiti kimewekwa mto. Papa Bahati amenenepa kidogo, viazi amemwachia mkewe, na sasa kuna nyongeza ndogo juu ya ile ya zamani, ya kununulia kamba nyingine kwa sababu hii imechakaa. Na watu wanalipa! Wanalipa huku wanamuuliza habari za watoto.

Mama Noela alishuka, ameshika tumbo lake, akatembea polepole mpaka kwenye kiti. Akafungua fundo.

"Papa Bahati, hii iko ya leo. Na hii iko ya ile siku, ya kipoyi na ya babebaji bane."

Papa Bahati alipokea kwa mikono miwili, akahesabu, akamrudishia chenji.

"Mama!" nikasema. "Mama, weye? Weye kweli?"

Akanijibu bila hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Kule Walikale, kwa bageni, nilikuwa nachezaka, Riziki. Huku njo kwetu. Nikikufa, kwa hii njia njo batanibeba. Sitaki batoto yangu babishane na muntu juu ya maiti yangu." Kisha akaniangalia. "Na weye ulipita ile siku. Lipa yako tuende."

Nikasimama. Nyuma yetu foleni ilikuwa imeshakuwa ndefu. Sauti zikaanza, kwanza moja, halafu nyingi: "Mama, lipa basi! Unatuchelewesha!"

Sikulipa, na sikuinua kamba tena. Ningemwinulia nani? Mama Noela alinisubiri kidogo, akatikisa kichwa, akapanda pikipiki yake, akavuka. Nami nikamwambia motari wangu, yule mwendesha pikipiki, afungue mzigo palepale, nikatandika kitenge kando ya njia upande huu, nikaanza kuuza. Wale wale walionipigia kelele wakaja. Waligonga, wakanusa, wakanitukana kidogo, nikawatukana kidogo, tukapatana. Sijawahi kuuza vizuri kama siku ile.

Nilipobakiwa na gurudumu moja, Papa Bahati aliinuka kwenye kiti chake akaja mpaka kwenye kitenge changu. Nilidhani anataka kununua.

"Mama Riziki, samahani. Unauzia hapa, karibu na kamba. Nani alikupatia ruhusa?"

Nikacheka, kwa sauti kubwa, nikawageukia watu wote ili tucheke pamoja. Walikuwa wamesimama na fromaji zao mikononi, wananingojea nimjibu.